Shibiri ya Hidaya

"Kila ndege huruka kwa ubawa wa fundi."

Hivyo ndivyo Fundi Singano alivyoipindua methali ya wazee. Wazee walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Yeye akaona wamekosea, akaandika ya kwake kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, na kwa muda mrefu hapakuwa na wa kumbishia. Aliyekuja kumbishia alikuwa mpwa wake mwenyewe, na katika ubishi wao ndimo ilimozaliwa methali hii nyingine: shibiri ni ya mwenye mkono.

Mzee Kaoneka aliyasema hayo kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, hapo Kwemhango, mbele ya vijana watatu waliokuwa wakisubiri umeme urudi. Punde tu walikuwa wamemsikia mama mmoja akizungumza na msusi wake kwa simu. "Usinisuke kama Rehema," alisema yule mama. "Kichwa cha Rehema ni cha Rehema. Shibiri ni ya mwenye mkono." Akakata simu, akajitwika unga wake, akaenda zake. Vijana wakacheka, kisha wakabaki wanatazamana.

"Babu, shibiri ndiyo nini?" aliuliza mmoja.

"Nyosha kiganja. Haya, kitanue. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, hiyo ni shibiri moja."

"Na huo mkono ni wa nani?"

"Hapo sasa ndipo penye kisa. Kaeni chini, umeme wa hapa mnaujua. Chanzo chake kilikuwa hiki."

Palikuwa na binti hapa Kwemhango aitwaye Hidaya, wa ukoo wa Shekalaghe. Alizaliwa na unyayo wa kushoto uliopinda kwa ndani, kama mtu anayetaka kujikanyaga. Alitembea, tena upesi, lakini kwa mwendo wa kuchechemea ambao watoto waliuiga nyuma yake mpaka alipowageukia. Akiwageukia waliacha. Ulimi wake haukuwa na kilema.

Kazi aliyoitaka Hidaya ilikuwa moja tu. Wanawake wa Kwemhango walikuwa na ng'ombe wa maziwa, na maziwa yao yalinunuliwa kule chini, kwenye kituo kilichokuwa kando ya barabara ya lami. Njia ya kufika huko ni mteremko mtupu, kona juu ya kona. Waliobeba keni za maziwa kichwani walifika jua limeshapanda. Mpimaji akayaonja maziwa, akatikisa kichwa, nao wakaanza kupanda mlima na mzigo uleule, sasa umechacha. Bi Zaina, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, akatangaza kwamba mwenye chombo cha kuyafikisha maziwa kituoni mapema na salama, kazi ni yake. "Asipopatikana nitampa Sefu na pikipiki yake," alisema, "ingawa Sefu huamshwa na jua likimchoma mgongo."

Hidaya alikuwa na pikipiki. Marehemu baba yake alimwachia vitu viwili, mtamba mmoja wa ng'ombe na pikipiki ndogo ya aina ile isiyo na klachi ya mkono. Ilikuwa imekaa bandani mpaka kuku wakaifanya mahali pa kutagia. Hidaya aliifungua, akaisafisha kabureta kwa mswaki wa zamani, akabadilisha plagi, akaipiga kiki kwa mguu wa kulia. Ikakohoa, ikaitika.

Lakini pikipiki hubadilishwa gia kwa mguu wa kushoto, na mguu wake wa kushoto haukuweza kukanyaga wala kuinua kitu. Alitaka gia itoke mguuni ije mkononi: wenzo wa chuma uchomoze pembeni mwa kiti, ausukume mbele na kuuvuta nyuma kwa mkono wa kushoto. Alitaka pia kiti kishushwe, maana mwenye mguu mmoja wa kutegemea hawezi kuuning'iniza hewani. Ule mguu wa kulia lazima ukanyage ardhi kila anaposimama. Na nyuma alitaka kichanja cha chuma cha kubebea keni mbili, moja huku na moja huku, chini chini, zisimyumbishe kwenye kona.

"Nitaitengeneza mwenyewe," alimwambia mama yake.

"Kwa kutumia nini? Kwa kisu cha mboga?" alisema Mama Hidaya. "Chuma si ugali, mwanangu, kwamba ukikosea utasonga mwingine. Mpelekee mjomba wako. Fundi yumo ndani ya ukoo, wewe unahangaika na nini?"

"Mjomba hamtengenezei mtu pikipiki, mama. Anatengeneza pikipiki yake, kisha anampa mtu."

"Ulimi huo! Utakuja kuuma jiwe."

Mama hakuwa na kosa kumsifia kaka yake. Singano alikuwa fundi hasa. Watu walimjia kutoka Soni, kutoka Bumbuli, hata kutoka Korogwe, wakimletea pikipiki zilizokufa naye akizitia roho. Alichomelea chuma mpaka kiungo kikalala kama ushanga uliotungwa. Alimwekea muuza mkaa kichanja kilichobeba magunia bila kulia, na akamtengenezea bwana harusi mmoja pikipiki ya viti viwili yenye kivuli juu kama mwavuli. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na viganja kama sinia. Futi alikuwa nayo, imening'inia msumarini, lakini aliitumia kwa chuma tu. Baba yake alikuwa seremala wa vitanda na milango, na neno alilomwachia ni hili: chuma na mbao hupimwa kwa futi, mtu hupimwa kwa mkono, kwa sababu mkono hauongopi.

Basi Hidaya akakubali. Akaisukuma pikipiki hadi karakana, na mtamba wake akamswaga nyuma kuwa ujira wa fundi. Mtamba aliingia zizini kwa Singano bila kugeuka nyuma. Hidaya ndiye aliyegeuka.

Ikaja saa ya kupima. Sasa hapo, wanangu, palikuwa na adabu. Mjomba kumshika mpwa wake wa kike mguu na kuupima shibiri kwa shibiri, jambo hilo halikuwepo. Mama Hidaya akatandaza khanga mikononi ikawa pazia. Nyuma ya khanga Hidaya akakaa juu ya boksi la mbao, akaupima mguu wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Singano akasimama upande wa pili, akaugeuzia uso ukuta.

"Kiti na ardhi?" aliuuliza ukuta.

"Shibiri nne, mjomba."

"Kiti na wenzo?"

"Shibiri mbili."

"Basi, imetosha. Mkono hauongopi."

Kosa liliingia hapo hapo, nalo liliingia kwa adabu, limevua viatu mlangoni. Hakuna aliyelisikia.

"Lakini babu," alidakia kijana mmoja pale mashineni, "si angeichukua ile futi msumarini?"

"Wewe ukimwona mama yako anapima chumvi kwa vidole, huwa unamletea mizani? Nyamaza nimalize."

Pikipiki ikatoka. Ilikuwa nzuri, haina ubishi. Singano alikuwa ameipaka rangi nyekundu iliyoiva, akaizungushia mstari wa dhahabu, akalisugua bomba la moshi mpaka ukaweza kujitazama humo na kurekebisha kilemba. Kiti alikiinua juu ya kitanda cha chuma, ili zitimie zile nne alizoambiwa, kipana, chenye springi chini yake. Wenzo alikuwa ameufua kutoka springi ya gari, umesimama wima kama askari. Na kichanja cha keni kilikuwa kazi ya kuonyeshwa watoto. Wanawake walipiga vigelegele kabla hata haijawashwa.

Hidaya akapanda. Mguu wa kulia ukashuka kutafuta ardhi, ukashuka tena, na kidole gumba kikabaki kinapapasa hewa kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Akaushika wenzo, lakini ili aufikie ilimbidi ainamie upande, bega likiwa chini ya usukani.

"Mjomba," alisema polepole, "mguu haufiki."

"Utazoea. Pikipiki ni kama kiatu kipya."

"Kiatu huachia, mjomba. Chuma hakiachii."

Watu wakacheka, na Singano hakupenda. Bi Zaina, kwa kutaka kuyapoza, akaleta keni yake ya maziwa ya asubuhi, akaitundika upande mmoja. "Bismillahi, mwanangu. Izungushe tuone."

Hidaya akaizungusha uwanja mzima vizuri, akarudi mbele ya Bi Zaina apokee keni ya pili. Pikipiki ikasimama, akashusha mguu, mguu ukakosa pa kukanyaga. Ikaegemea upande kidogo kidogo, bila haraka, kama mzee anayelala kibarazani, kisha ikaanguka yote. Maziwa ya Bi Zaina yakatiririka mavumbini na kuku wakayakimbilia.

Hidaya alijitoa chini ya pikipiki kwanza, ndipo akasema. "Umekiweka juu mno, mjomba. Kishushe."

Singano alipiga goti mbele ya watu wote, akatanua kiganja chake kwenye ubavu wa pikipiki, akapanda nacho kutoka ardhini: moja, mbili, tatu, nne. Kidole chake cha mwisho kilitua ukingoni mwa kiti, si chini wala juu.

"Ulisema ngapi?" aliuliza.

"Nne."

"Na hizi ni ngapi?"

Zilikuwa nne, kila mtu aliziona.

"Haya basi. Kazi ya Singano haikatwi. Tangu nishike msumeno, hakuna mkono uliowahi kukata nilichokiunga, hata wangu. Jifunze kupanda."

Watu wakatawanyika, wakisema kwamba binti ana maneno mengi na mguu mfupi. Bi Zaina aliokota keni yake, akaipangusa, akasema kwa sauti ya chini kwamba atangoja mwezi uandame, usipoandama na pikipiki basi atamwita Sefu.

Hidaya aliisukuma pikipiki hadi nyumbani. Alikaa mbele yake kitako, ana uchungu wa mambo mawili: mtamba hayupo, na chombo kizuri namna hii hakimbebi. Akajiambia labda alihesabu vibaya. Akatanua kiganja, akakiweka ardhini kwenye gurudumu, akapanda nacho polepole kama alivyomwona mjomba. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kidole kilikuwa bado kiko kwenye chuma tupu. Tano, na bado. Alihitaji vidole vingine juu yake ndipo aguse kiti.

Akautazama mkono wake. Akaukumbuka mkono wa mjomba wake. Akacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha, hata mama yake akatoka jikoni kumtazama.

"Mama, shibiri nne zangu na shibiri nne zake si nne zilezile."

"Nenda kamwambie."

"Nikamwambie nini? Ameshasema mbele ya watu kazi yake haikatwi. Nikirudi kule nitaambiwa nizoee. Mwezi utaandama nikiwa bado nazoea."

Akaazima msumeno wa chuma na keekee kwa jirani aliyekuwa akitengeneza mabati. Mashine ya kuchomelea hakuwa nayo, wala hakuijua. Kwa hiyo palipokuwa pa kuunga yeye alitoboa, akapitisha bolti. Kwanza alikata kitanda cha chuma kilichokiinua kiti. Mkono ulimwuma, na si kwa ajili ya msumeno tu. Viungo vile vilikuwa vizuri, na kila jino la msumeno lilikuwa linamwambia hivyo. Akazitoa springi, akalaza ubao juu ya fremu, juu ya ubao akaweka sponji ya godoro, akaifunga kwa gunia na kamba ya katani. Akakaa. Unyayo wa kulia ukakanyaga ardhi wote, kuanzia kisigino hadi vidole. Alikaa hivyo kwa muda, bila kwenda popote.

Wenzo ndio uliomfundisha. Aliukata ukawa mfupi, akaupasha moto kwenye mafiga mpaka ukawa mwekundu, akaupinda uje upande wake, kisha akautumbukiza kwenye ndoo ya maji kama alivyoona watu wakifanya. Ukalia, ukapoa, ukapendeza. Siku ya kuujaribu, bila maziwa, alishuka mteremko vizuri mpaka kona ya mabwawa ya samaki. Pale aliuvuta apunguze gia, ukakatika mkononi mwake kama mua mkavu. Pikipiki ikaingia katika shamba la kabichi na Hidaya akaingia nayo. Akapasuka kidevu. Mwenye shamba alimtoa, akamlaumu kwa ajili ya kabichi, kisha akamfunga kidevu kwa kipande cha khanga.

Usidhani basi kwamba kujitengenezea ni bure. Fundi alijua jambo ambalo Hidaya hakulijua: chuma cha springi ukikizamisha majini kingali chekundu kinakuwa kigumu, lakini kigumu cha kuvunjika. Hidaya alilijua kwa kidevu chake. Mara ya pili alikipinda kipande kilichobaki, akakifukia katika majivu ya moto, akakiacha kipoe kwa hiari yake. Hicho hakikukatika.

Ilipokwisha, pikipiki ilikuwa kioja. Mbele bibi harusi, nyuma gunia la viazi. Sefu alipoiona alishika tumbo. "Hidaya, huyo ni punda au mbuzi aliyenyolewa?"

"Ni ndege," alisema Hidaya. "Kalale, jua halijakuchoma."

Kabla mwezi haujaandama alitundika keni mbili za Bi Zaina, akateremka, akasimama kila aliposimamishwa, akafika kituoni. Mpimaji akaonja, akaandika, hakutikisa kichwa. Kesho yake wanawake wengine wakaleta keni zao. Kazi ikawa ya Hidaya.

Lakini habari haziendi kwa miguu. Singano alikwenda sokoni Soni kununua vyuma, na muuzaji akamwuliza, "Fundi, siku hizi kazi zako zinamaliziwa kwa magunia?" Mwingine akasema mpwa amemkata mjomba miguu. Kisha mteja wa Korogwe aliyekuwa njiani kumletea kazi akageuza, akaipeleka kwa mwingine. Singano alirudi Kwemhango hana chuma wala neno. Alimpitia Mzee Shemboza, mkubwa wa ukoo, akamwambia: "Hidaya ameniaibisha. Asiponiomba radhi mbele za watu, radhi zangu hana."

Maneno hayo yalifika kwenye mazizi kabla ya jioni. Nanyi mnajua radhi za mjomba zina uzito gani kwetu. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba maziwa yakibebwa na mtu asiye na radhi huchacha hata kwenye barafu. Bi Zaina mwenyewe akamfuata Hidaya. "Mwanangu, kazi yako naipenda. Lakini kikundi kimegoma. Ukikosa radhi za mjomba wako, keni hazitoki. Nimefanya nilichoweza."

Basi asubuhi iliyofuata baraza likakaa uani kwa Mama Hidaya. Mzee Shemboza alikalia kiti, Singano alikalia kigoda kilichokuwa kidogo kwake. Wanawake walipanga keni zao kwenye kivuli cha nyumba, na kivuli chenyewe kilikuwa kinapungua. Pikipiki ilisimama kando, na gunia lake.

"Shikamoo, mjomba," alisema Hidaya.

"Marahaba," Singano alikiambia kigoda. Kisha akamgeukia Shemboza. "Mzee, mimi sina mengi. Nilipewa kazi nikaifanya. Nikaambiwa nne nikaweka nne, watu walikuwepo. Leo nimevuliwa nguo sokoni na mtoto wa dada yangu. Aniombe radhi, nami nitampa zangu. Sina jingine."

"Ni haki," alisema Shemboza. "Hidaya?"

"Mwanangu," mama yake alimwingilia, "ni neno moja. Halina hata mfupa. Liteme tu."

Hidaya alisogeza benchi, akaliweka mbele ya mjomba wake.

"Mjomba, nakuomba uweke shibiri yako hapa."

"Sasa wewe ndiye unayenipima mimi?"

"Nakuomba."

Singano alitazama watu, akatanua kiganja chake benchini. Hidaya akachukua mkaa, akaweka alama kwenye gumba, akaweka nyingine kwenye kidole cha mwisho. Mjomba alipoondoa mkono, Hidaya akaweka wake, gumba juu ya alama ile ile ya kwanza, akajinyoosha mpaka vidole vikawa vyeupe. Haukufika. Palibaki pengo. Bi Zaina aliyekuwa karibu akaviingiza vidole vyake katika pengo lile: kimoja, viwili, vitatu.

"Loo!" alisema. "Chukua hivi, vipange mara nne. Ndivyo vilivyomwaga maziwa yangu."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha wote. Hata Mzee Shemboza alijifanya anakohoa. Singano alikuwa anautazama mkono wake kama mtu aliyekuta kitu cha jirani mfukoni mwake.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" aliuliza, na safari hii alimwuliza Hidaya, si kigoda.

"Nilikuambia mguu haufiki."

"Hukuniambia habari ya mkono."

"Nilikuwa siijui. Nilipoijua, ulikuwa umeshasema kazi yako haikatwi. Ningekuja, mjomba, ungekata?"

Singano alifikiri. Alikuwa mtu wa majivuno, lakini hakuwa mwongo. "La," alisema. "Nisingekata. Ningekwambia uzoee."

"Basi nilikata mimi. Kichanja chako sijakigusa, na nikiulizwa ni cha nani nasema ni cha Singano, sina aibu. Kila kiungo kilichobaki pale ni chako. Lakini wewe ulikuwa umegeukia ukuta, mjomba. Ulifanya vizuri, ilikuwa heshima. Aliyeuona mguu huu ni mimi, na mkono ulioupima ni huu hapa."

Mzee Shemboza akajiweka sawa kitini. "Sasa tumeelewa. Kila mmoja ana haki yake. Lakini, binti yangu, mkubwa ni mkubwa. Sema 'nisamehe, mjomba', tuinuke watu wakafanye kazi."

Hidaya akalirudisha benchi mahali pake. Mama yake akaanza kufuta macho kwa pindo la khanga.

Aliyeinuka alikuwa Bi Zaina. "Mzee wangu, utaniwia radhi wewe, maana mimi zangu naziomba mapema. Jua limefika kwenye keni. Maziwa hayajui baraza." Akainyanyua keni yake kwa mikono miwili, akaitundika kwenye kichanja. Akawageukia wenzake. "Mnaogopa nini? Mlitishiwa kwamba asiye na radhi huchachisha maziwa, na aliyekosea kipimo mmeshamwona. Leteni." Mmoja akaja na keni yake, ikaingia upande wa pili. Wengine wakaanza kupanga foleni kwa ajili ya safari ya pili, bila kumtazama Shemboza usoni.

Hidaya akapanda. Unyayo wake wa kulia ukatulia ardhini. Singano naye alikuwa ameinuka, akaizunguka pikipiki kama mnunuzi wa ng'ombe. Alibonyeza gunia. Aliutikisa wenzo, ukakaa imara. Akapitisha kidole chini ya ubao, kwenye bolti.

"Hii itakufungukia kwenye mteremko," alisema. "Weka nati ya pili juu ya ya kwanza, uzikaze pamoja. Mtetemo hautaziweza."

"Nitaweka, mjomba. Ahsante."

Singano akangoja. Watu wote wakangoja naye, na Mzee Shemboza akainama mbele ili asikie vizuri.

"Na lile neno?" aliuliza Singano, kwa sauti ya chini sasa, karibu ya kubembeleza.

Hidaya akaipiga kiki, ikaitika. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya wenzo. Ulikuwa pale pale mkono ulipoutaka.

"Shikamoo nitakupa kila asubuhi, na nikikwama kwenye chuma nitakuja kukuuliza. Lakini mguu ni wangu, na shibiri ni ya mwenye mkono. Radhi siombi."